Kujua Kwamba Unajua: Niliyojifunza Katika Chemsha Bongo ya Televisheni

Mtu anayetazama chemsha bongo akiwa sebuleni kwake hujibu maswali mengi kuliko mshiriki aliyesimama studioni, na si ajabu akaamini kwamba lau angepewa nafasi angerudi na zawadi. Kwetu Kibokoni, katika Mji wa Kale wa Mombasa, tuliamini hivyo kwa miaka mingi. Wenye umri wa kutosha wanayakumbuka mashindano ya vyuo vikuu yaliyoanza mwaka 2007 kwa jina la Celtel Africa Challenge, ambayo baadaye yaliitwa Zain Africa Challenge, yakiendeshwa na John Sibi-Okumu. Jioni hizo nyumba yetu iligawanyika baina ya waliojibu na wale waliodai kwamba jibu lilikuwa ulimini mwao. Sebuleni hakuna anayekutoza kwa jibu la kosa. Ukikosea, jibu lako hupotea katika kelele za watoto, na ukipatia, nyumba nzima hukusikia. Studioni hesabu ni nyingine kabisa, kwa sababu jibu la kosa lina bei, kimya kina bei yake, na muda wa kuchagua baina ya hayo mawili haufiki hata sekunde moja. Kwa hivyo mshiriki huanza kwa kujiuliza mwenyewe, kabla ya kujibu alichoulizwa na mwendeshaji: je, hili ninalijua, au nadhani tu kwamba ninalijua? Miaka imepita tangu nishiriki, na kila ninapoulizwa nilijifunza nini huko hujikuta nikilirudia swali hilo.

Usaili wa shindano letu ulifanyika hapa hapa Mombasa. Tulipewa karatasi ya maswali mafupi, kisha tukahojiwa mbele ya kamera ndogo, kwa kuwa watayarishaji walitaka watu wanaojua mambo na pia wanaoweza kuzungumza bila kutazama viatu vyao. Mimi ni karani katika ofisi ya wakala wa forodha karibu na bandari ya Kilindini, na kutwa nzima kazi yangu ni kulinganisha karatasi za makontena, nihakikishe kwamba namba iliyoandikwa huku ndiyo iliyoandikwa kule. Kazi hiyo hukufundisha kutotia saini jambo usilo na hakika nalo. Nilipoitwa niliona kwamba tabia hiyo itanifaa, na kweli ilinifaa, ingawa kuna mahali ilipogeuka kuwa mzigo, kama nitakavyoeleza.

Aliyenifunza ni ami yangu, mwalimu wa jiografia aliyestaafu, ambaye ana duka la vifaa vya shule na barazani kwake watu hukusanyika baada ya Alasiri kwa kahawa tungu na kashata. Ami alianza kuleta maswali barazani, na wazee wakayapokea kwa furaha kubwa, kwa sababu kila swali lilikuwa ni mwanzo wa mjadala. Ukiuliza nani alikuwa mmisionari wa kwanza wa Kiprotestanti kuishi na kusomesha dini pwani hii, hawakukutajia Krapf aliyefika Mombasa mwaka 1844 wakanyamaza. Walikueleza alikokaa, aliyempokea, alivyofiwa na mkewe na mtoto wake hapa, na kwa nini alihamia Rabai. Nilijifunza mengi kutoka kwa wazee hao, lakini baada ya muda niliona kwamba adabu ya baraza na adabu ya kitufe haziendi njia moja. Barazani kijana hutakiwa asikilize, na mwenye elimu zaidi husema mwisho, wakati wengine wamekwisha kuchoka. Kitufe, ambacho mshiriki hubonyeza ili apewe nafasi ya kujibu, hakimjui mkubwa wala mdogo, humjua aliyewahi. Ami mwenyewe alilitambua hilo, akatafuta kengele ya baiskeli ya zamani, akaifunga kwenye ubao, akaniamuru niipige kabla ya mzee yeyote kufungua kinywa. Wazee walicheka mwanzoni, kisha wakaanza kunikasirikia.

Pamoja na kengele nilikuwa na daftari. Kila nilipojibu swali niliandika pembeni neno moja kati ya matatu: najua, nadhani, au nabahatisha, na ni baada ya kuandika tu ndipo ami aliposoma jibu sahihi. Zoezi hilo lilinifaa kuliko vitabu vyote nilivyosoma. Nilitarajia kuona kwamba penye "najua" majibu yote ni sahihi na penye "nabahatisha" yote ni ya kosa, lakini daftari lilionyesha kwamba hakika yangu haikuwa na uzito mmoja katika kila somo. Katika miji mikuu, bendera na mito, "najua" yangu ilikuwa ya kuaminika. Katika miaka ya vita na mikataba haikuwa hivyo, kwani mara nyingi nilikuwa na hakika kamili ya mwaka uliokuwa karibu tu na ule wa kweli. Katika mashairi na mambo ya bahari, ambayo sikuwahi kuyasoma kwa mpango bali niliyasikia tu nilipokuwa nikikua, niliandika "nadhani" na jibu likawa sahihi karibu kila mara. Maana yake ni kwamba mtu hupewa hakika na njia aliyopitia kulipata jambo, na si lazima hakika hiyo ilingane na ukweli wa jambo lenyewe. Nilichosoma katika kitabu kwa utulivu kilinipa ujasiri kuliko nilichokisikia jikoni kwa bibi, hata pale bibi alipokuwa sahihi zaidi ya kitabu.

Kuhusu nini cha kusoma, ushauri wangu ni mfupi. Watunga maswali huishi katika ulimwengu mdogo kuliko tunavyodhani, kwa sababu swali la televisheni lazima liwe na jibu moja, fupi, lisilo na ubishi. Watauliza urefu wa Kilimanjaro, ambao ni mita 5,895, na mwaka ambao Wangari Maathai alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel, ambao ni 2004, lakini ni nadra kuuliza kwa nini jahazi husubiri upepo wa kusi kabla ya kurudi kaskazini, kwa kuwa jibu lake halitoshi katika sekunde tano. James Holzhauer, Mmarekani aliyeshinda mara 32 mfululizo katika shindano la Jeopardy! mwaka 2019, alieleza kwamba alijiandaa kwa kusoma vitabu vya watoto, vyenye picha na maelezo machache yaliyochaguliwa vizuri. Niliposikia hayo nilimwomba mpwa wangu vitabu vyake vya shule ya msingi, na sikuona haya kuvisoma hadharani kwenye matatu ya Kisauni.

Kurekodi kulifanyika Nairobi. Nilipanda treni Miritini, nikashuka Syokimau, na baina yake nilikuwa nikipitia daftari hadi mama mmoja aliyeketi mbele yangu akaniuliza kama ninakwenda kufanya mtihani. Watu wengi hawajui kwamba vipindi kadhaa hurekodiwa siku moja. Jeopardy! hurekodi vitano, na mshindi hukimbia kubadilisha shati ili watazamaji waone kama ni siku nyingine. Sisi pia tuliambiwa tuje na nguo za ziada, na tusivae mistari myembamba, kwa sababu mistari hiyo huchezacheza kwenye kamera. Studio ilikuwa na baridi kali kwa ajili ya vipoza hewa, na mtu wa Mombasa aliyezoea joto la Machi huanza kutetemeka kabla hata ya kuulizwa jina lake. Nawashauri wanaotoka pwani wavae fulana ndani, na kwa hili sifanyi mzaha, kwani kidole kilichoganda kwa baridi huchelewa.

Tulinyang'anywa simu na kuwekwa katika chumba kimoja, na hata msalani tulisindikizwa. Mshiriki mwenzangu alilalamika kwamba tunachukuliwa kama wezi. Nilimweleza kwamba utaratibu huo una historia. Mwaka 1956 katika shindano la Marekani lililoitwa Twenty-One, mshiriki Herbert Stempel aliagizwa na watayarishaji akosee ili Charles Van Doren, aliyependwa zaidi na watazamaji, amshinde, na Van Doren alikuwa akipewa maswali na majibu kabla ya kipindi. Alikiri hayo mbele ya kamati ya Bunge la Marekani mwaka 1959, na mwaka uliofuata ikatungwa sheria iliyoifanya hila ya namna hiyo kuwa kosa. Mwenzangu alisikiliza hadi mwisho, kisha akaniomba nisimpe elimu ya bure kabla ya mchuano, asije akaulizwa hilo hilo akadaiwa shukrani.

Sasa nije kwenye kitufe, ambacho ndicho kiini cha habari yenyewe. Mashindano hutofautiana. Katika Jeopardy!, anayebonyeza kabla mwendeshaji hajamaliza kusoma hufungiwa kitufe chake kwa robo sekunde, na robo hiyo hutosha kumpa mwenzake ushindi. Katika University Challenge ya Uingereza unaruhusiwa kukatiza swali, lakini ukikatiza na kukosea timu yako hupoteza alama 5. Who Wants to Be a Millionaire?, iliyoanza Uingereza mwaka 1998, haina haraka hiyo kabisa: mshiriki huliona swali na majibu manne, kisha ana ruhusa ya kuondoka na fedha alizokwisha kuzipata. Judith Keppel, mtu wa kwanza kushinda pauni milioni moja katika shindano hilo, aliulizwa mwaka 2000 ni mfalme yupi aliyemwoa Eleanor wa Aquitaine, na alikuwa na muda wote wa kuipima hakika yake kabla ya kumtaja Henry II. Shindano letu lilifuata njia ya kukatiza na kutozwa, na lilikuwa kwa Kiswahili.

Hapo pana jambo ambalo sijaona likielezwa mahali popote. Kiswahili chetu mara nyingi huweka kiulizi mwishoni mwa sentensi. Mwendeshaji akianza kusoma, "Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Kisumu...", mshiriki mwenye pupa hubonyeza na kusema 1901, akijipongeza kwa kuwahi, kumbe swali linaendelea, "...mahali ambapo wakati huo paliitwa jina gani?", na jibu linalotakiwa ni Port Florence. Aliyejua yote mawili hutozwa alama kwa sababu alitangulia kulijibu swali ambalo halikuulizwa. Nilipowatazama washiriki waliofanya vizuri, niliona kwamba hawakuwa wepesi wa kidole tu. Walimsikiliza mwendeshaji kwa namna ya pekee, wakafuata sauti yake inapoinuka, wakaweka mkono tayari, na kubonyeza pale ambapo sentensi ilikuwa imebakiwa na mlango mmoja tu wa kutokea. Dada mmoja kutoka Kisumu alikuwa akifumba macho kila swali lilipoanza kusomwa. Watazamaji walidhani anaomba dua. Nilipomuuliza baadaye aliniambia kwamba uso wa mwendeshaji ulikuwa ukimpotosha, kwa kuwa alitabasamu hata kwa maswali magumu, lakini sauti yake haikuweza kumficha.

Nilishinda kipindi changu cha kwanza, nikaendelea hadi nusu fainali, na huko nikakutana na swali la nyumbani. Swali lilikuwa fupi: Wareno walifukuzwa Fort Jesus mwaka gani? Mtu wa mbali angeona kwamba nimepewa zawadi, maana nimekua nikicheza mpira chini ya kuta hizo zilizojengwa baina ya 1593 na 1596. Lakini mtoto wa Mji wa Kale anajua kwamba Waomani waliizingira ngome hiyo tangu Machi 1696 hadi wakaingia Desemba 1698, na anajua pia kwamba Wareno walirudi mwaka 1728 wakaishika tena ngome kwa muda wa zaidi ya mwaka mmoja, hadi wenyeji walipowatoa mwaka 1729, wasirudi tena. Basi walifukuzwa mwaka upi? Nilikuwa bado nazipima tarehe hizo mbili, jinsi ninavyozipima karatasi za forodha, wakati mwalimu mmoja kutoka bara alipobonyeza, akasema 1698, akapigiwa makofi. Alikuwa sahihi kwa mujibu wa swali, na sina kinyongo naye. Hata hivyo bado naona kwamba mtunga swali angeongeza maneno mawili tu, "na Waomani", asingemwonea mtu yeyote.

Kipindi kilipokwisha kurushwa, wazee wa baraza waligawanyika kuhusu swali hilo kwa muda mrefu kuliko kuzingirwa kwenyewe, nusura niseme. Ami hakushiriki ubishi huo. Aliniita pembeni akaniambia, "Ungetaja hiyo hiyo 1698, mwanangu. Wale hawakuulizi ujuacho wewe, wakuuliza walichokiandika wao." Nimelifikiria sana neno lake. Swali la kwenu ni gumu kuliko la ugenini, kwa sababu la ugenini unalijua kwa kiasi kile kile anacholijua mtunga swali, lakini la kwenu unalijua kupita yeye, na ziada hiyo ndiyo inayokuchelewesha. Tangu hapo, nikimwandaa mtu kutoka Lamu, humtaka asome Lamu kwenye vitabu vya shule, aone dunia inalijua jambo lake kwa sura gani.

Mfano bora wa kujua kiasi cha hakika yako sikuupata kwa binadamu. Februari 2011 kompyuta ya IBM iliyoitwa Watson ilishindana katika Jeopardy! na mabingwa wawili, Brad Rutter na Ken Jennings, yule aliyekuwa ameshinda mara 74 mfululizo mwaka 2004. Watson iliwashinda wote wawili. Ilipokuwa ikicheza, watazamaji walionyeshwa majibu yake matatu pamoja na asilimia ya hakika iliyokuwa nayo kwa kila jibu, na asilimia ikiwa ndogo mno kompyuta haikubonyeza. Katika swali la mwisho la mchezo wa kwanza, ambalo kila mshiriki hulazimika kulijibu, iliulizwa kuhusu mji wa Marekani ambao kiwanja chake kikubwa cha ndege kimepewa jina la shujaa wa Vita vya Pili vya Dunia na cha pili jina la pigano la vita hivyo. Jibu ni Chicago. Watson iliandika Toronto, mji wa Kanada, na mbele yake ikaweka alama tano za kuuliza, na watu wakacheka sana. Kilichosahauliwa ni dau lake. Ilikuwa na dola 36,681, na kwa jibu hilo ilihatarisha 947 tu. Haikulijua jibu, lakini ilijua kwamba hailijui, na kosa lililowachekesha watu halikuigharimu kitu cha maana. Nilipowaeleza wazee wa baraza, mmoja alisema kwamba anawajua mawakili wasio na akili kiasi hicho.

Limebaki moja, ambalo hakuna aliyeniandaa kwalo: kuificha siri. Tulitia saini ya kutosema matokeo hadi kipindi kitakaporushwa, na baina ya kurekodi na kurusha zilipita wiki nyingi. Jennings naye aliposhindwa na Nancy Zerg, kipindi kilioneshwa tarehe 30 Novemba 2004 ilhali kilirekodiwa muda mrefu kabla, na habari zilikwisha kuvuja. Ikiwa Marekani pana siri ilivuja, Mji wa Kale, ambako madirisha yanatazamana na jirani akipika samaki unajua ni samaki gani, ingedumu vipi? Muuza kahawa alinitazama uso kila jioni akatangaza matokeo kwa kadiri alivyouona. Nikiwa na usingizi, nimeshindwa. Nikinunua kashata mbili, nimeshinda. Ami alivumilia siku chache, kisha akaniuliza kwa unyonge usio wa kawaida yake, "Hata mimi, nilokufunza?" Nikamjibu, "Hata wewe, Ami. Nimetia saini." Alinyamaza, halafu akasema kwamba laiti washiriki wote wangekuwa makarani wa forodha.

Siku hizi vijana kadhaa hukutana nasi Jumamosi nyuma ya duka lake, na wote hushika daftari la safu tatu. Wavulana wa Majengo huijaza safu ya "najua" hadi karatasi inaisha, na kazi yetu kwao ni kuwasomea majibu polepole mpaka wao wenyewe waanze kuipunguza. Mgumu zaidi kwangu ni binti mmoja wa Kisauni ambaye safu yake ya "najua" ni tupu, lakini "nadhani" zake karibu zote ni sahihi. Sijapata kumwona mtu anayejua mengi hivyo akajiamini kidogo hivyo, na nimemwekea sharti kwamba apige kengele hata anapodhani tu, kwa kuwa daftari lake limekwisha kutoa ushahidi. Wiki iliyopita Ami alikuwa akisoma swali kuhusu maporomoko ya mto Zambezi, na hakufika mwisho kabla ya binti huyo kupiga kengele, kujibu kwa usahihi, na papo hapo kumwomba mzee samahani kwa kumkatiza. "Nikatize, mwanangu," Ami akamwambia, "na usiniombe radhi tena, radhi zakula sekunde zako."